Panya haugui Crohn: wanyama wa maabara wanatufundisha nini kuhusu uvimbe sugu wa matumbo?

Mwezi Novemba mwaka 2009, watafiti wa Ujerumani na wenzao wa Uingereza walitangaza chanzo cha maradhi yaliyokuwa yakiwatesa watoto wachanga kadhaa. Watoto hao walianza kuugua kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Waliharisha damu, utumbo wao mpana ulijaa vidonda, fistula zilichimbika kando ya njia ya haja kubwa, na dawa zilizozoeleka hazikufua dafu. Kati ya wagonjwa tisa waliochunguzwa, wanne walikutwa na hitilafu katika jeni zinazotengeneza kipokezi cha protini iitwayo intalukini-10. Mmoja wao alipandikizwa seli shina za damu kutoka kwa mtu mwingine, na uvimbe uliokuwa ukimla matumbo ukatulia.

Ugunduzi huo ulikuwa na mzizi wake miaka 16 nyuma. Mwaka 1993, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Köln, Ujerumani, walikuwa wamezalisha panya wasioweza kutengeneza intalukini-10. Lengo lao lilikuwa kujua kazi ya protini hiyo katika kinga ya mwili. Panya hao walizaliwa wakionekana wazima, lakini baada ya wiki kadhaa walidumaa, wakapungukiwa na damu, na matumbo yao yakavimba pasipo kuambukizwa ugonjwa wowote unaojulikana. Daktari aliyekutana na mtoto mchanga mwenye dalili za namna hiyo alikuwa tayari na mahali pa kuanzia kutafuta.

Kisa hicho ndicho kinachotajwa mara nyingi pale inapoulizwa kwa nini wanyama hutumiwa kuchunguza magonjwa ya matumbo ya binadamu. Hata hivyo, historia ya utafiti huo ina upande mwingine. Zipo dawa zilizotegemewa kutokana na panya na zikashindwa kwa watu, na moja iliwazidishia wagonjwa maradhi. Kuelewa ni wakati gani mnyama husema kweli na ni wakati gani hupotosha ni jambo linalomhusu kila anayesoma habari za tiba mpya.

Maradhi mawili, jina moja

Uvimbe sugu wa matumbo ni jina linalojumuisha maradhi mawili makuu. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana, ikianzia kwenye puru na kupanda juu. Jina hilo lilitumiwa na daktari Mwingereza Samuel Wilks mwaka 1859. La pili ni ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, na ambao huchimba unene wote wa ukuta wa utumbo. Ulielezwa mwaka 1932 na Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York.

Maradhi haya si vidonda vya tumbo vinavyofahamika na wengi, ambavyo hukaa kwenye mfuko wa chakula na mara nyingi husababishwa na bakteria mmoja. Wala si tumbo la kuhara linalopita baada ya siku chache. Ni ugonjwa wa maisha. Hutulia kwa miezi au miaka, kisha huibuka tena. Mara nyingi huanza katika ujana, na baadhi ya wagonjwa huishia kukatwa sehemu ya utumbo.

Wanasayansi wanakubaliana juu ya sura ya jumla ya chanzo chake. Mtu huzaliwa na jeni zinazomweka katika hatari, bakteria wanaoishi matumboni mwake wanashiriki, mazingira kama vile chakula na uvutaji wa sigara yanachangia, na mwisho kinga ya mwili inaanza kupigana na vitu ambavyo ingepaswa kuvivumilia. Ugumu ni kwamba daktari hukutana na mgonjwa moto ukiwa umekwisha kuwaka. Hawezi kurudi nyuma kuona cheche ya kwanza, na hawezi kumpa mtu mzima maradhi hayo ili aone yanavyoanza. Hapo ndipo mnyama huingia.

Njia nne za kumpatia mnyama maradhi

Panya wa kawaida haugui Crohn. Mtafiti anayetaka kuuchunguza ugonjwa huo kwa panya hulazimika kuutengeneza, na namna anavyoutengeneza ndiyo inayoamua ni swali gani anaweza kulijibu.

Njia ya kwanza ni ya kemikali. Mwaka 1990, watafiti wa Japani walieleza jinsi ya kuchanganya aina ya sukari yenye salfa, inayofahamika kwa kifupi kama DSS, katika maji ya kunywa ya panya. Baada ya takriban wiki moja panya huanza kuhara damu, kwa sababu kemikali hiyo huharibu utando unaofunika utumbo mpana na kuwaruhusu bakteria kupenya. Maji safi yakirejeshwa, utando huota upya. Mwaka mmoja kabla, watafiti nchini Kanada walikuwa wameeleza njia nyingine, ambapo kemikali iitwayo TNBS, ikichanganywa na alkoholi, huingizwa kupitia njia ya haja kubwa ya panya na kuamsha kinga ya mwili dhidi ya utumbo wake mwenyewe.

Njia ya pili ni kubadilisha jeni, kama ilivyofanyika Köln. Inawezekana kumwondolea mnyama jeni moja, au kumpachika jeni ya binadamu. Mwaka 1990, watafiti wa Texas, Marekani, waliwapachika panya wakubwa jeni ya binadamu inayoitwa HLA-B27, ambayo inahusishwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Panya hao walipata uvimbe wa viungo, na pia uvimbe wa matumbo.

Njia ya tatu ni kuhamisha seli. Panya asiye na kinga huchomwa sindano ya seli nyeupe za damu zilizochaguliwa kutoka kwa panya mzima. Seli za aina moja zikitiwa peke yake, utumbo huvimba. Zikitiwa pamoja na seli za aina ya pili, uvimbe hautokei. Kwa majaribio ya namna hiyo, katika miaka ya 1990, ilithibitika kwamba mwili una seli ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine.

Njia ya nne ni kungojea. Wapo wanyama wachache wanaougua wenyewe, bila kutiwa kemikali wala kubadilishwa jeni. Hao ni adimu, na kisa cha mmoja wao kitaelezwa hapa chini.

Simbilisi, mwani na bakteria

Kabla panya hajatawala maabara, simbilisi alikuwa na zamu yake. Mwaka 1969, watafiti wawili wa Liverpool, Uingereza, waliwanywesha simbilisi maji yaliyochanganywa na karaginani iliyovunjwavunjwa kwa asidi. Karaginani ni utomvu unaotolewa katika mwani mwekundu, na mwani uliotumika katika jaribio hilo ni wa aina ya spinosum, jamii ileile ambayo tangu mwaka 1989 imekuwa ikilimwa kibiashara katika pwani ya Zanzibar, hasa na wanawake. Baada ya wiki kadhaa, utumbo mpana wa simbilisi hao ulitokwa na vidonda.

Jaribio hilo halikuonyesha kwamba kulima mwani au kuula kunamletea binadamu kolaitisi. Karaginani iliyovunjwa kwa asidi si sawa na ile inayotiwa katika vyakula, simbilisi si mtu, na kipimo walichopewa kilikuwa kikubwa mno. Lililo na faida zaidi ni lile lililogunduliwa baadaye, kwamba simbilisi waliolelewa katika vyumba visivyo na vijidudu vyovyote walinyweshwa maji yaleyale na hawakupata vidonda. Kemikali peke yake haikutosha. Ilihitaji bakteria.

Jibu hilohilo lilijirudia. Panya wenye jeni HLA-B27, walipolelewa bila vijidudu, hawakuvimba matumbo. Panya wasio na intalukini-10 walipolelewa hivyo katika maabara ya Marekani, matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalikuwa yaleyale: jeni yenye kasoro ilikuwapo, ugonjwa haukuwapo. Walipohamishiwa kwenye vizimba vya kawaida wakapata bakteria, wakaugua.

Hakuna hospitali ambayo ingeweza kulipata jibu hilo kwa mgonjwa, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kulelewa tangu kuzaliwa pasipo kugusana na kijidudu hata kimoja. Kwa swali hilo mahususi, yaani kama bakteria wa kawaida wa matumboni wanahitajika ili uvimbe utokee, mnyama alikuwa shahidi asiye na mbadala.

Tumbili wa Colombia

Katika misitu ya kaskazini magharibi mwa Colombia anaishi tumbili mdogo mwenye shungi jeupe kichwani, tamarini wa kichwa cha pamba. Mtu mzima wa jamii hiyo hafikishi hata nusu kilo. Akifugwa katika vizimba, tamarini huyu hupata kolaitisi yenyewe, isiyotengenezwa na mtu, inayofanana mno na ile ya binadamu. Kama ilivyo kwa binadamu aliyeugua kwa miaka mingi, baadhi yao huishia kupata saratani ya utumbo mpana.

Ufanano huo ulimgharimu. Inakadiriwa kwamba kati ya tamarini 20,000 na 40,000 walisafirishwa kwenda Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, hasa kwa ajili ya utafiti wa kitabibu. Colombia ilipiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1974. Misitu yake nayo ilikuwa ikikatwa, na hivi leo tamarini wa kichwa cha pamba amo katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Tamarini waliobaki katika makazi ya utafiti walitoa mchango ambao wagonjwa wanaufaidi mpaka sasa. Watafiti walikuwa na wazo kwamba, badala ya kuikandamiza kinga ya mwili mzima, seli nyeupe za damu zingeweza kuzuiwa zisiingie utumboni tu. Ili kuingia, seli hizo hushika ukuta wa mshipa wa damu kwa protini mfano wa kulabu. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya tamarini wagonjwa waliopewa kingamwili iliyoifunga kulabu hiyo: kuhara kwao kulipungua na utumbo ukaanza kupona. Kingamwili hiyo ilirekebishwa ili mwili wa binadamu usiikatae, ikapewa jina la vedolizumab, na mwaka 2014 iliidhinishwa Marekani na Ulaya kwa kolaitisi ya vidonda na kwa ugonjwa wa Crohn. Kutoka kwa tumbili hadi kwa mgonjwa ilipita miaka 18.

Pale panya alipopotosha

Kama panya asiye na intalukini-10 huugua, ilionekana dhahiri kwamba mgonjwa wa Crohn akipewa protini hiyo angepona. Ilitengenezwa, ikachomwa kwa mamia ya wagonjwa, na majibu yalichapishwa mwaka 2000. Haikuonyesha nafuu ya maana kuliko sindano bandia.

Miaka tisa baadaye, uchunguzi wa wale watoto wachanga ulisaidia kueleza sababu moja. Kwao kasoro haikuwa upungufu wa intalukini-10, bali kipokezi kilichoshindwa kuisikia. Kuwaongezea protini kungekuwa sawa na kumpigia kelele kiziwi. Nao wagonjwa wengi wa Crohn wala hawana kasoro hiyo kabisa. Panya wa Köln alisema kweli juu ya kundi dogo la watoto, na watu wakamsikiliza kana kwamba amesema juu ya wagonjwa wote.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Protini nyingine ya kinga, intalukini-17, hupatikana kwa wingi katika utumbo uliovimba, na kuizuia kulionekana kuwa jambo la busara. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya jaribio la dawa ya secukinumab, inayoizuia protini hiyo, kwa wagonjwa 59 wa Crohn. Dawa haikusaidia, na waliopewa walipata madhara zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Secukinumab yenyewe si dawa mbovu, kwani inawasaidia wenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Lakini katika utumbo, protini iliyodhaniwa kuwa adui ilikuwa pia mlinzi wa utando.

Hapa panya hastahili kubebeshwa lawama yote. Mapema mwaka 2004, watafiti wa Japani walikuwa wameonyesha kwamba panya walionyweshwa DSS walizidiwa pale intalukini-17 ilipozuiwa. Majaribio mengine yaliashiria kinyume chake. Ishara ya hatari ilikuwapo, ila ilikuwa ishara moja katikati ya nyingine zilizopingana nayo.

Mgonjwa akitangulia

Si kila mara njia huanzia maabara kwenda hospitali. Dawa iliyobadilisha zaidi maisha ya wagonjwa wa Crohn, infliximab, hufunga protini iitwayo TNF. Taarifa ya kwanza ya mgonjwa wa Crohn aliyepata nafuu kwa kingamwili hiyo ilichapishwa mwaka 1993 kutoka Amsterdam, Uholanzi, na dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka uliofuata ndipo watafiti wa Athens, Ugiriki, walipotangaza kwamba panya waliobadilishwa ili watengeneze TNF kupita kiasi huvimba mwisho wa utumbo mwembamba, mahali palepale ambapo Crohn hupapenda. Mgonjwa alitangulia kuonyesha kwamba TNF ni muhimu, na panya akafuata kueleza kwa namna gani.

Wakati mwingine safari huwa ndefu na yenye kona. Mwaka 1995, watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwatibu panya waliotiwa TNBS kwa kingamwili dhidi ya intalukini-12, nao wakapona. Mwaka 2006, majaribio mengine ya panya yalionyesha kwamba mhusika mkuu utumboni huenda ni ndugu yake, intalukini-23. Protini hizo mbili zina kipande kimoja cha pamoja, na dawa ya ustekinumab hukifunga kipande hicho. Iliidhinishwa kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 2016. Dawa ilikuwa sahihi, ingawa sababu iliyotolewa mwanzoni haikuwa kamili.

Kwa nini mnyama hatoshi

Zipo sababu kadhaa zinazofanya majibu ya panya yatofautiane na ya binadamu.

Ya kwanza ni muda. Panya wa maabara huishi miaka miwili hadi mitatu, na jaribio la DSS huchukua siku chache. Mgonjwa hubeba maradhi yake kwa miongo. Dawa inayoharakisha kupona kwa jeraha la wiki moja si lazima iuzime moto uliowaka miaka 20.

Ya pili ni jeni. Kwa binadamu, zaidi ya maeneo 200 ya jenomu yanahusishwa na maradhi haya, na kila moja kwa kawaida huongeza hatari kidogo tu. Jeni ya kwanza ya Crohn kutambuliwa, NOD2, iligunduliwa mwaka 2001. Panya walioondolewa jeni hiyo walitazamiwa kuugua, lakini hawakuvimba matumbo wenyewe. Zaidi ya hayo, panya wa ukoo mmoja wa maabara hufanana kama mapacha, ilhali hakuna wagonjwa wawili walio sawa.

Ya tatu ni bakteria. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba panya wa ukoo uleule, wakinunuliwa kwa wafugaji wawili tofauti, hutofautiana katika kinga ya matumbo kwa sababu kundi moja lina bakteria fulani na jingine halina. Jaribio lililofaulu katika mji mmoja linaweza basi kushindwa katika mji mwingine, pasipo yeyote kudanganya.

Ya nne inatokana na watafiti wenyewe. Majaribio yanayotumia wanyama wachache, yasiyowagawa kwa kura, au yanayofanywa na mtu anayejua ni yupi aliyepewa dawa, huelekea kuonyesha mafanikio makubwa kuliko yaliyopo. Ndiyo maana mwaka 2010 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa ARRIVE, unaowataka watafiti waeleze idadi ya wanyama, jinsi walivyogawanywa na jinsi walivyotunzwa.

Gharama ya mnyama na njia nyingine

Mnyama anayepewa kolaitisi huumwa. Hupungua uzito, huhara damu, na mwisho wa jaribio kwa kawaida huuawa ili utumbo wake uchunguzwe. Mwaka 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch walipendekeza kanuni tatu ambazo sasa ndizo msingi wa sheria katika nchi nyingi: kumbadilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kuboresha taratibu ili maumivu yapungue. Mtafiti hutakiwa, kwa mfano, kuweka mapema kiwango cha kupungua uzito ambacho kikifikiwa jaribio la mnyama huyo husitishwa.

Njia mbadala zimekuwa zikipanuka. Mwaka 2009, maabara ya Hans Clevers mjini Utrecht, Uholanzi, ilionyesha kwamba seli shina moja kutoka utumbo wa panya inaweza kukua katika sahani na kuwa utumbo mdogo wenye mikunjo yake. Muda mfupi baadaye ikawezekana kufanya hivyo kwa seli za binadamu. Kipande kidogo kinachotolewa mgonjwa anapochunguzwa kwa kamera kinaweza sasa kuoteshwa na kujaribiwa dawa. Mwezi Desemba mwaka 2022, Marekani ilibadilisha sheria yake na kuondoa sharti lililodumu tangu mwaka 1938 la kutaka kila dawa mpya ijaribiwe kwa wanyama kabla ya kupewa watu.

Hata hivyo, utumbo wa sahani hauna mishipa ya damu, hauna kinga kamili wala neva, na haupokei chakula. Hauwezi kuonyesha jinsi seli zinavyosafiri kutoka kwenye damu hadi utumboni, jambo ambalo tamarini alilionyesha. Kwa sasa njia hizo zinasaidiana.

Maana yake kwa Afrika Mashariki

Kwa muda mrefu uvimbe sugu wa matumbo ulichukuliwa kuwa maradhi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Dhana hiyo inabadilika. Idadi ya wagonjwa inaongezeka katika nchi ambazo miji inakua na vyakula vya viwandani vinaenea, na katika hospitali za ukanda huu wagonjwa wamekuwa wakigunduliwa.

Tatizo hapa ni kuutambua ugonjwa wenyewe. Kuhara damu kwa wiki nyingi, maumivu ya tumbo na kukonda ni dalili za amiba, za kichocho cha matumbo na za kifua kikuu cha matumbo, maradhi ambayo ni ya kawaida zaidi katika eneo hili. Kifua kikuu cha matumbo na Crohn hufanana hata mbele ya kamera ya daktari. Kukosea kuna hatari. Dawa zinazokandamiza kinga ili kumtuliza mgonjwa wa Crohn zinaweza kumwangamiza mwenye kifua kikuu, na mgonjwa wa Crohn anayetibiwa amiba mara kwa mara hupoteza miaka huku utumbo ukiharibika. Mtu anayehara damu kwa majuma, au anayekonda pasipo sababu, anahitaji kufika hospitali yenye uwezo wa kuchunguza utumbo kwa kamera na kuchukua kipande cha kupima.

Hapa pia ndipo panya wa maabara anapobainisha mipaka yake. Hulelewa katika vizimba safi, hula chakula cha aina moja, hana minyoo wala hajawahi kuugua amiba. Utumbo wa mtu wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura umepitia mengi ambayo panya huyo hakuyaona, na majibu yanayomfaa mtu huyo hayawezi kupatikana kwa panya peke yake. Yanahitaji wagonjwa wa ukanda huu wahesabiwe, wachunguzwe na washirikishwe katika majaribio ya dawa.

Kwa hiyo, inapotangazwa kwamba dawa fulani imeponya uvimbe wa matumbo kwa panya, yapo maswali matatu yanayofaa kuulizwa. Je, panya hao waliuguzwa kwa njia gani, kwa kemikali ya siku saba au kwa kasoro ya jeni iliyopo pia kwa wagonjwa? Je, dawa ilitolewa kabla ya ugonjwa kuanza, jambo lisilowezekana kwa mgonjwa, au baada yake? Na je, matokeo hayo yamerudiwa katika maabara nyingine? Habari isiyojibu maswali hayo ni habari ya panya bado. Watoto wachanga wa mwaka 2009 walisaidiwa na panya wa Köln kwa sababu kasoro yao na yake zilikuwa katika njia ileile, na kwa sababu kabla ya kumtibu mgonjwa yeyote, waliomchunguza walihakikisha kwanza kwamba ndivyo ilivyo.